Siku 212 Bila Dharura

Jumatatu ile Sista Pilipili aliingia wadini na dharau ya kumtosha wiki nzima, na nusu yake aliimaliza palepale mlangoni.

Mlangoni, chini ya dirisha kubwa linalopigwa na jua tangu asubuhi, muuguzi mkuu wa wadi alikuwa ameliweka toroli la dharura ili kila mgeni aanze na hilo kabla ya kuona mgonjwa. Liling'arishwa likang'ara. Droo zake tano zilifungwa kwa utepe mmoja mwekundu wa plastiki wenye namba, ule usiofunguka mpaka uukate kwa mkasi. Juu yake ukutani palikuwa na ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki, kwa mwandiko wa mtu anayejipenda: SIKU 212 BILA DHARURA.

"Bila dharura," Sista Pilipili alisoma kwa sauti, kama alivyosoma kila asubuhi. "Watu wa hapa wanaugua kwa adabu kweli."

Mkuu wa wadi mwenyewe alikuwa mtu nadhifu wa kupiga pasi mpaka soksi. Alikuwa amepelekwa kozi ya uongozi ya wiki tatu, akarudi na faili nene, na ule utepe mwekundu, ambao yeye aliuita lakiri. Basi na wao wakamwita Bwana Lakiri, ila mbele yake walisema "mkuu". Sheria yake ilikuwa moja. Toroli halikatwi lakiri mpaka mgonjwa awe amepoteza mapigo ya moyo. Atakayekata ataandika ripoti ya kurasa nne, na ubao utarudi sifuri. Nani atake kuwa yeye aliyeurudisha ubao sifuri? Kwa hiyo mgonjwa akionekana kuzidiwa walimsukuma haraka kwenda wadi ya jirani, akazidiwe huko, ahesabiwe huko. Dharura ziliondolewa hapa namna mtu mvivu anavyofagia taka zake hadi uani kwa mwenzake, halafu akasimama mlangoni kusifia usafi wake.

Na kulikuwa na karatasi ya ukaguzi, iliyoning'inia kwenye mshikio wa toroli. Kila Jumatatu muuguzi wa zamu ya asubuhi aliweka saini mbili. Ya kwanza: lakiri ni nzima. Ya pili: yaliyomo yamekaguliwa na yanafaa. Sasa utakaguaje yaliyomo bila kukata lakiri? Swali hilo Sista Pilipili alikuwa amelitembeza kila mahali. Nyumbani, mezani, aliigiza jinsi Bwana Lakiri anavyolikodolea toroli macho ili yapenye bati, na mumewe na wifi yake wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Aliichukua kalamu mfukoni, akatia saini zake mbili zenye mkia mrefu, akaenda zake kuanza kazi.

Huyo wifi yake, mdogo wa mumewe, ndiye aliyekuwa kitanda cha nne. Alikuwa fundi cherehani, na siku chache nyuma alikuwa ameangusha mkasi wa kukatia vitambaa ukamtua mguuni. Jeraha akalipaka kila alichoambiwa na wateja wake, isipokuwa dawa, mpaka mguu ukavimba na homa ikamlaza. Ulimi wake tu ndio uliobaki mzima.

"Wifi, umekuja kunitesa hata jua halijapanda vizuri?"

"Nimekuja kukupima. Leta mkono."

Sista Pilipili alimshika kifundo cha mkono, akatazama saa yake robo dakika, akazidisha mara nne kichwani, akaandika.

"Ndiyo dakika hiyo?" wifi aliuliza. "Mbona fupi?"

"Nimehesabu robo, nimezidisha. Ni yaleyale."

"Ndiyo maana mimi sitaki kazi ya serikali. Mimi nikimpima mtu robo ya kiuno halafu nizidishe mara nne, atavaa gunia."

"Wateja wako mbona magunia wanavaa tayari."

Wagonjwa wa jirani walicheka. Wawili hao walipendana kwa matusi, na kila mtu pale alishajua kwamba siku wakianza kusemezana vizuri, mmoja wao atakuwa mahututi.

Saa mbili na nusu wanafunzi wanne wa uuguzi walimkusanyikia kwenye meza ya dawa, kila mmoja na daftari lake. Somo lilikuwa dawa za jamii ya adrenalini. Mmoja alianza kumsomea maana yake kutoka daftarini, neno kwa neno, na Sista Pilipili alimwacha afike nukta ya kwanza tu.

"Funga hilo daftari. Mgonjwa akikata pumzi utamsomea? Sikiliza. Juu ya figo zako kuna vijitezi viwili. Ukikutana na mbwa mkali, vinamwaga adrenalini kwenye damu. Adrenalini inazunguka mwilini inagonga milango. Milango hiyo ndiyo mnaita vipokezi. Kwenye mishipa ya damu iko inayoitwa alfa. Ikigongwa, mishipa inabana, presha inapanda. Kwenye moyo iko beta moja. Ikigongwa, moyo unakwenda mbio na kwa nguvu. Kwenye mapafu iko beta mbili. Ikigongwa, njia za hewa zinapanuka. Moyo mmoja, beta moja. Mapafu mawili, beta mbili. Hata mbuzi anaweza kukariri."

Wakaandika kuhusu mbuzi.

"Sasa dawa zetu zinagonga milango hiyohiyo. Mwenye pumu unampa salbutamo avute, inagonga beta mbili. Lakini inachungulia na mlango wa jirani, kwa hiyo mikono itatetemeka na moyo utamwenda mbio. Mwambie mapema, asije akadhani umemwekea sumu. Aliyeshuka presha vibaya, yule wa chumba cha mahututi, anawekewa noradrenalini kwenye dripu. Hapo hukai kunywa chai. Unautazama mshipa. Dawa ikivuja nje ya mshipa, ngozi inageuka nyeupe na nyama inakufa, na aliyekuwa amekaa hapo ni wewe. Hata ile dawa ya kuzibua pua inayouzwa kama pipi ni ukoo huohuo. Mwenye presha ya kupanda muulize kama anaitumia, atakwambia hapana, halafu utaikuta chini ya mto."

"Na adrenalini yenyewe, Sista?" aliuliza binti mmoja mpole aliyekaa pembeni.

"Hiyo ndiyo watu wanaiogopa bure. Wanadhani ni dawa ya maiti. Mtu akipata mzio mkali, mishipa inalegea yote, koo linavimba, mapafu yanabana. Adrenalini inarekebisha yote matatu kwa mkupuo. Nusu mililita, msuli wa paja, upande wa nje, katikati. Mapema, angali anaongea! Ukisubiri anyamaze, utamchoma sindano ya kumuaga."

"Inatunzwaje?"

"Gizani. Jua linaiharibu. Ikigeuka rangi ikawa kama chai, mwaga."

Binti yule mpole aligeuza shingo taratibu kuelekea dirishani. "Sista, na lile toroli?"

"Lile si toroli," Sista Pilipili alisema. "Lile ni picha ya harusi. Haliguswi."

Walicheka wote, na yeye akacheka zaidi yao. Binti alicheka kidogo, akarudisha macho daftarini.

Siku hiyo kamati ya ukaguzi kutoka makao makuu ilikuwa inakuja saa nne. Bwana Lakiri alikuwa amevaa koti jipya na alipita kitanda hadi kitanda akinyoosha mashuka yenye watu ndani. Saa nne kasoro dakika kumi na tano, Sista Pilipili alimletea wifi yake antibayotiki mpya ambayo daktari alikuwa ameiandika baada ya kuona uvimbe wa mguu hauteremki. Alimuuliza kama kuna dawa yoyote iliyowahi kumletea vipele au uvimbe.

"Nyinyi tu ndio mnaniletea vipele," wifi alisema. "Dawa hapana."

Dripu ilianza kudondoka. Sista Pilipili alikuwa hajatoka hatua kumi akamsikia akiita, na sauti ilikuwa nzito isiyo yake.

"Wifi. Viganja vinaniwasha."

Aligeuka. Midomo ya wifi ilikuwa imeanza kutuna. Shingoni vipele vikubwa vilikuwa vinachomoza huku akivitazama. Alirudi mbio, akafunga dripu na kuitenga, akamlaza chali. Wifi alijishika koo.

"Linanibana," alisema, na kifua chake kikaanza kupiga filimbi. Wanafunzi wakaja mbio.

"Inueni miguu yake! Wewe leta oksijeni, wewe dripu ya maji ya chumvi, wewe mwite daktari. Presha?"

"Sabini kwa arobaini," binti mpole alisema.

Sista Pilipili alikwenda kwenye toroli na mkasi wa bandeji. Bwana Lakiri alikuwa amesimama mbele yake kama mlinzi wa benki.

"Subiri kidogo, Sista. Mapigo yapo?"

"Yapo. Ana mzio mkali. Pisha."

"Anaongea bado, mimi mwenyewe nimemsikia. Mpe kwanza dawa ya kawaida ya mzio tumwangalie dakika kumi. Wageni wako ngazini, Sista. Ngazini! Mia mbili na kumi na mbili, leo hii, uikate?"

Kwa miaka ishirini na saba Sista Pilipili alikuwa amekutana na wajinga wa kila aina, lakini wa kukaa kati ya mgonjwa na dawa kwa ajili ya chaki hajawahi kumwona. Alimsukuma kwa bega akayumba, akakata lakiri. Ilitoa mlio mdogo tu. Alivuta droo ya juu, akafungua kiboksi cha adrenalini.

Vichupa kumi vilikuwa vimelala humo vimepangwa vizuri, vyote vina rangi ya chai ya mkandaa, isiyo na maziwa. Tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa imepita miezi minne.

Alikiinua kimoja kwenye mwanga wa lile dirisha, kama kwamba kikitazamwa vizuri kingeona haya na kurudi kuwa maji. Nyuma yake Bwana Lakiri alinong'ona, si kwa hila, kwa mshangao wa kweli kabisa: "Lakini si mnakagua kila Jumatatu?"

Sista Pilipili aligeuka. Alimwachia kiboksi mikononi.

"Kaa naye," alimwambia. "Asikae kitako, asisimame, oksijeni isitoke puani. Ukiondoka hapo nakuua." Akakimbia.

Pahali alipokuwa na hakika ya kuikuta dawa nzima palikuwa chumba cha upasuaji, ghorofa ya chini, mwisho wa ukumbi. Sista Pilipili alikuwa na miaka hamsini na mitatu na mara ya mwisho kukimbia hata yeye alikuwa haikumbuki. Kwenye ngazi alikutana na kamati ya ukaguzi, watu watano wenye mafaili, akapita katikati yao faili moja likaruka. Moyo ulimgonga mpaka masikioni. Mdomo ulimkauka, vidole vikawa baridi, kifua kikafunguka kikameza hewa yote ya ukumbi ule. Alikijua kila kitu kilichokuwa kinamtokea, ni somo lake la asubuhi, mlango mmoja baada ya mwingine. Vijitezi vyake mwenyewe vilikuwa vinammwagia bure ile dawa ambayo wifi yake alikuwa anaikosa, na hakuwa na namna ya kumgawia hata tone. Aliogopa. Alikuwa anasema kwa sauti, peke yake, ngazi hadi ngazi, "Usinyamaze, usinyamaze, usinyamaze."

Muuguzi wa upasuaji alisikia neno moja tu, "Adrenalini!" Alimtia mkononi vichupa vitatu vyeupe kama maji ya kisima.

Aliporudi, wifi alikuwa amenyamaza.

Macho yalikuwa wazi nusu na kope zimevimba, filimbi ya kifuani ilikuwa imepungua, na muuguzi yeyote mwenye akili anajua kwamba filimbi ikipungua hivyo ni kwa sababu hewa haipiti tena. Bwana Lakiri, jasho likimchuruzika juu ya koti jipya, alikuwa amepiga magoti na ameibana barakoa ya oksijeni kwa mikono yote miwili. Alikuwa hajaondoka. Sista Pilipili alivunja kichupa, akavuta nusu mililita, akamchoma pajani kupitia gauni la wadi.

"Andika saa," alisema.

Dakika zile zilikuwa ndefu. Daktari alifika, akasikiliza kifua, akaagiza maji yaende kasi. Kamati ilisimama mlangoni. Dakika ya tano presha ilikuwa themanini, haitoshi. Sista Pilipili alichoma ya pili, paja la upande mwingine. Kisha filimbi ilirudi, na Sista Pilipili hajawahi kusikia sauti tamu kama ile. Ikapanda, ikalainika, ikawa pumzi. Presha ikawa mia na kumi. Uvimbe wa midomo ulianza kuteremka. Mikono ya wifi ilitetemeka juu ya shuka.

"Moyo," alisema kwa sauti ya mkwaruzo, "unanienda kama cherehani."

"Ni dawa. Utatulia. Kutetemeka nako ni dawa."

"Ungeniambia mapema."

Binti mpole aliangua kilio, na hakuna aliyemkataza.

Kiongozi wa kamati alikuwa mama mfupi mwenye viatu vya raba, muuguzi wa zamani aliyestaafu akaitwa tena. Hakuutazama ubao. Alikwenda moja kwa moja kwenye toroli, akachukua kiboksi cha vichupa vya rangi ya chai kilichoachwa juu yake, akasoma tarehe, akapapasa bati la toroli lilivyopata moto wa jua. Halafu akazifungua karatasi za ukaguzi, ukurasa baada ya ukurasa. Alikwenda mpaka mwanzo, akarudi.

"Nani mkuu hapa?"

"Mimi," Bwana Lakiri alisema. Alisimama, magoti ya suruali yake yakiwa na vumbi. "Mimi ndiye niliyeliweka dirishani. Sikujua kwamba jua linaiharibu, sikufundishwa. Na mimi ndiye niliyesema lisikatwe. Lakini kukagua... mimi nilitegemea saini."

Sista Pilipili alimsubiri azidishe, ajitetee, aropoke kitu cha kipumbavu cha kumshika nacho. Hakuropoka. Mtu yule, kwa mara ya kwanza tangu arudi na faili lake, alikuwa amesema kweli tupu, na kilichomuuma Sista Pilipili ni kwamba hakuwa na pa kuicheka.

"Saini hii ya mkia ni ya nani?" mama wa raba aliuliza. "Ipo Jumatatu zote, hata ya leo."

Wanafunzi walitazama viatu vyao.

"Yangu," alisema Sista Pilipili.

"Zote?"

"Zote."

"Ulijua kwamba toroli liko juani?"

"Nilijua."

"Na dawa hii jua linaifanyaje, ulijua?"

"Leo asubuhi nimeifundisha."

Yule mama alimtazama bila hasira, jambo lililokuwa baya zaidi. Alichukua kalamu yake akaandika mistari mitatu minne kwenye faili lake, akamwambia Bwana Lakiri na Sista Pilipili kwamba wote wawili atawataka ofisini mchana, akaenda na kamati yake kuanza ukaguzi kwenye vyoo. Bwana Lakiri alifuta ubao kwa kiganja. Hakuandika sifuri, aliuacha mweusi hivyohivyo, kisha yeye na binti mpole wakalisukuma toroli hadi kwenye kona yenye kivuli, wakaanza kutoa droo moja moja.

Sista Pilipili alirudi kitanda cha nne. Wifi alikuwa ameinuliwa kidogo kwenye mito, uso ungali umevimba upande mmoja, macho yanaona vizuri mno.

"Ndilo lile la kila usiku mezani," wifi alisema. "Lile la kukodolea toroli macho."

"Ndilo."

"Nilicheka mpaka nikamwagikiwa na maji. Wifi, kumbe na wewe ulikuwa unalikodolea."

Hapo Sista Pilipili, ambaye hajawahi kukosa neno la kumrudishia mtu, si daktari, si mkwe, si mkubwa wa kazi, alitafuta neno hakuliona. Machozi yalimtoka, akayaacha. Alitaka kusema kwamba yeye hakuwa kama Bwana Lakiri, na alijua kwamba ni kweli. Bwana Lakiri hakujua lolote juu ya jua. Yeye alijua, akatia saini, halafu akaenda nyumbani kuchekesha watu.

"Nisamehe," alisema mwishowe.

Wifi alitoa mkono wake uliokuwa bado unatetemeka chini ya shuka, akaugeuza, kifundo juu.

"Haya, pima," alisema. "Lakini leo usizidishe."

Sista Pilipili alivuta kiti, akakaa. Alimshika kifundo, akatazama saa, na akahesabu dakika nzima.